Ufufuo na Masihi: tupime kwa gorogoro moja

Jumatano ile baada ya Pasaka jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwa mama, mtaa wa Umoja hapa Nairobi. Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye sebule ya watu wanane. Chai ilikuwa kwenye themosi mbili, mandazi kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Katekista alikuja na wazo jipya: badala ya Injili moja, tusome habari za kaburi tupu kutoka zote nne, tukianza na Marko kwa kuwa ndiyo fupi. Marko akapewa fundi wa magari anayekaa ghorofa ya chini, mtu wa sauti nzito anayesoma kama anayekemea.

Alipofika penye yule kijana aliyeketi upande wa kuume, amevaa vazi jeupe, binti wa jirani akainua mkono kama yuko darasani.

"Samahani, Mwalimu. Kwa Luka ni watu wawili. Mbona hapa ni mmoja?"

Binti huyo yuko kidato cha tatu. Mwaka uliotangulia alikuwa amemaliza Luka yote, maana silabasi ya CRE, somo la dini ya Kikristo, kwa kidato cha pili ilikuwa karibu yote Luka, kuanzia mimba ya Elisabeti hadi Yesu kupaa. Walioiandaa silabasi hiyo sidhani waliwaza kwamba mtoto akiisoma Injili moja vizuri, ndiye atakayeshtuka akisikia ya pili.

Mzee mmoja, nguzo ya jumuiya, alimjibu kabla katekista hajafungua kinywa. "Mwanangu, mashahidi wanne wakienda mahakamani Milimani wakasema maneno yale yale, hata koma haikosi, hakimu atajua wamefundishwa. Wakitofautiana kidogo, hao ndio wa kweli." Watu wakacheka kwa afueni, beseni likazunguka, fundi akaendelea na mstari wa sita.

Jibu la mzee limenikaa kichwani tangu siku ile, na si kwa sababu ni la kipuuzi. Lina akili. Shida yake ni kwamba linadhani tuna mashahidi wanne, na hatuna. Wataalamu wengi wa Agano Jipya, wakiwemo makasisi wanaoendesha misa kila asubuhi, wanakubaliana kwamba Marko iliandikwa kwanza, karibu na mwaka 70, na kwamba Mathayo na Luka waliandika miaka kumi au ishirini baadaye wakiwa na Marko mezani. Karibu tisa ya kumi ya habari za Marko zimo ndani ya Mathayo, mara nyingi kwa maneno yale yale. Kwa lugha ya Milimani, shahidi wa kwanza alitoa taarifa, wa pili na wa tatu wakapewa nakala yake, kisha kila mmoja akairekebisha kabla ya kutia sahihi. Wanapotofautiana, hatuoni kumbukumbu mbili za tukio moja. Tunaona mhariri kazini.

Mfano mmoja nataka niukalie, kwa kuwa ukiuona hutausahau. Kwa Marko, kijana wa kaburini anawaagiza wanawake wawaambie wanafunzi kwamba Yesu "awatangulia kwenda Galilaya", huko watamwona. Mathayo anaufuata mpango huo: wanafunzi wanakwenda Galilaya, wanamwona mlimani. Luka hataki mtu atoke Yerusalemu, kwa sababu kitabu chake cha pili, Matendo, kinaanzia hapo. Anafanyaje? Analibakiza neno Galilaya na kulipa kazi nyingine. Wale watu wawili wanawaambia wanawake wakumbuke Yesu alivyosema nao alipokuwa akali Galilaya. Agizo la safari limegeuka kumbukumbu ya mahali. Kisha jioni Yesu mwenyewe anawaambia wakae humo mjini hata wavikwe uwezo utokao juu. Kutoka Yerusalemu hadi Galilaya ni zaidi ya kilomita 100 kwa miguu, kama kutoka hapa kwenda kupita Naivasha. Huwezi kubaki mjini na wakati huo huo uwe umetangulia kwenda kwenye miadi ng'ambo ya Naivasha.

Hiyo haithibitishi kwamba hakuna lililotokea. Inathibitisha kwamba walioandika walijiona wana ruhusa ya kupanga upya, na hawakuona kama ni dhambi. Wanaotuhubiria leo kana kwamba Injili ni faili ya polisi wanawatwika waandishi hao mzigo ambao wao wenyewe hawakuubeba.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Mtu yeyote aliyewahi kununua maharagwe sokoni anaijua gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, iliyobonyezwa kitako. Mwenye duka ananunua kwa nzima na kuuza kwa iliyobonyea, na ukimtazama usoni hana hata dalili ya hatia, ameshazoea. Sisi Wakristo wa mji huu, kwenye mambo ya miujiza, tuna gorogoro mbili. Ya wengine tunaipima mpaka punje ya mwisho. Ya kwetu tunaipokea bila kuangalia kitako.

Chukua Kawangware. Tarehe 11 Juni 1988, kwenye mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, upande wa Muslim Village, alitokea mtu mrefu mwenye ndevu, amevaa kanzu nyeupe. Umati, ambao ripoti ziliukadiria kuwa watu kama 6,000, ukalipuka kwamba Yesu amefika. Akasema nao kidogo kwa Kiswahili safi. Siku chache baadaye gazeti la Kenya Times likachapa habari hiyo pamoja na picha, likiuliza iwapo Yesu amekuja mjini. Kama ilivyosimuliwa, mgeni huyo alipewa lifti, akaomba ashushwe karibu na kituo cha mabasi, akapiga hatua chache kando ya barabara, akatoweka. Mskoti mmoja aliyeitwa Benjamin Creme, aliyekuwa akitangaza kwa miaka mingi ujio wa mwalimu wa dunia aitwaye Maitreya, akaichukua ile picha na kuieneza kote duniani.

Hebu tulinganishe. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa karibu mwaka 54, Paulo anasema Yesu aliwatokea ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, na wengi wao bado wako hai. Mstari huo ndio rungu la kila mhubiri wa mihadhara: watu mia tano hawawezi kudanganyika wote! Lakini hao mia tano hatuna jina la hata mmoja, hatujui ilikuwa wapi, na hakuna Injili yoyote inayolitaja tukio hilo. Kawangware walikuwa maelfu, mahali panajulikana, siku inajulikana, gazeti lilichapa mwezi ule ule badala ya miaka ishirini na zaidi baadaye, na picha ipo. Kwa wingi wa mashahidi peke yake, Kawangware inaishinda Korintho kwa mbali.

Nilimtajia mzee wetu habari hiyo tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni. Anaikumbuka, alikuwa kijana wakati huo. "Wee! Yule alikuwa mgeni tu mwenye ndevu. Watu walikuwa wanaomba na kufunga, wakaona walichotaka kuona." Kwa sekunde tatu mzee alifanya kazi ambayo maprofesa wa historia huifanya kwa kurasa mia tatu: akapima matarajio ya umati, hali ya nafsi zao, uwezekano wa kumfananisha mtu. Hakuhitaji digrii. Nilitaka kumuuliza kwa nini gorogoro hiyo nzuri hivyo huwa anaiacha nyumbani siku ya Pasaka, lakini kumuuliza mzee swali kama hilo huku ameinama anafunga kamba za viatu si adabu.

Kuna hoja ya pili inayopendwa kuliko ya mia tano: mitume walikubali kufa, na hakuna mtu afaye kwa ajili ya uongo. Hapa Kiswahili kimetutega. Anayesimama kizimbani kusema alichokiona ni shahidi. Vijana waliochomwa Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga mwaka 1886, nao tunawaita mashahidi, na kila Juni kuna Wakenya wanaotembea kwa miguu mpaka Uganda kuwakumbuka. Neno ni moja, kwa hiyo sikio linadhani jambo ni moja: kwamba kufa ni namna ya kutoa ushahidi.

Baada ya Shakahola sijui Mkenya anaisemaje hoja hiyo bila kuona haya. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ya watu waliofunga kula mpaka kufa, wakubwa na watoto wao, wakiamini wanakwenda kumlaki Yesu. Watoto hawakuchagua, na tusiwasahau. Ila kati ya watu wazima walikuwemo waliosadiki kabisa. Waliuza mashamba, waliacha kazi, wakaacha njaa iwamalize. Kama kufa kunathibitisha, basi Shakahola imethibitishwa mara mia nne. Tunajua kwamba haikuthibitisha lolote zaidi ya kwamba waliamini. Kifo cha mtu hupima unyofu wake, hakipimi ukweli wa alichokiamini. Sioni kwa nini kanuni hiyo ifike Kilifi na isifike Roma ya wakati wa Nero. Na kwa mitume wengi, habari za namna walivyokufa zinatoka kwenye masimulizi ya baadaye sana. Agano Jipya lenyewe linasimulia kuuawa kwa mmoja tu katika wale Kumi na Wawili, ukimwacha Yuda: Yakobo wa Zebedayo, katika Matendo 12.

Tugeukie neno Masihi, ambalo naona ndilo kiini chenyewe, ingawa mahubiri hulipita mbio.

Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na ndugu yake wa Kiebrania ni mashiach, yaani aliyepakwa mafuta. Biblia ya Muungano ya 1952 ilitutendea wema wa kuliacha lionekane. Fungua 1 Samweli 24, Daudi anamwita Sauli "masihi wa BWANA", na wakati huo Sauli anamwinda porini kama digidigi. Fungua Isaya 45, masihi ni Koreshi, mfalme wa Uajemi, mtu ambaye hakuwa hata wa taifa la Israeli. Fungua Zaburi 105: "Msiwaguse masihi wangu." Hapo ni wingi. (Wachungaji wa siku hizi wameufanya mstari huo bima dhidi ya maswali ya hesabu za sadaka, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.) Masihi ilikuwa kazi, kazi ya mfalme au kuhani. Chini ya Warumi, wengi waliotumaini Masihi walimtumaini mtu wa ukoo wa Daudi atakayewatoa wageni na kurudisha enzi. Mkenya haoni shida kuelewa. Mwaka 2017 Raila Odinga alizunguka nchi akijiita Yoshua wa kuwavusha watu kwenda Kanani, na hakuna aliyemuuliza kama anamaanisha mbinguni.

Kumwambia Myahudi wa wakati ule kwamba Masihi ametundikwa na Warumi kulikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba yule askari wa wanyamapori aliyeletwa kumuua simba wa kijiji ameliwa na simba. Si kwamba ni vigumu kuamini. Ni kwamba neno limepoteza maana. Na Torati iliongeza chumvi kwenye kidonda: katika Kumbukumbu 21, aliyetundikwa juu ya mti amelaaniwa na Mungu.

Ndiyo maana mstari ninaouamini kuliko yote katika hadithi ya Pasaka ni Luka 24:21, kwenye njia ya Emau. Watu wawili wanatembea, wanamwambia mgeni wasiyemtambua: "Nasi tulikuwa tukitumaini ya kuwa yeye ndiye atakayewakomboa Israeli." Sikiliza kitenzi hicho. Tulikuwa tukitumaini. Hakuna mtunzi wa propaganda anayejitungia sentensi hiyo. Ni sauti ya watu waliopigwa chini, ambao wameshaanza safari ya kurudi nyumbani, na ambao walimtaka mkombozi wa Israeli, wala si wa roho zao baada ya kufa.

Kilichofuata ni kwamba walirudi kwenye maandiko na kuyasoma upya wakiwa na msalaba machoni. Wakafika Isaya 53, yule mtumishi aliyejeruhiwa, sura ambayo neno masihi halimo, na ambayo wafasiri wengi wa Kiyahudi, Rashi mmoja wao, wameisoma kuwa inalihusu taifa la Israeli lenyewe. Wakafika Isaya 7, ambapo Kiebrania kinamtaja mwanamke kijana atakayezaa, ishara kwa Mfalme Ahazi kuhusu maadui wake wa miaka ile, karne saba kabla. Tafsiri ya Kigiriki ikasema bikira, Mathayo akaichukua ya Kigiriki. Kwa hiyo tunapofundishwa kwamba Yesu alitimiza unabii mamia kwa mamia, ni vizuri kuuliza kipi kilitangulia. Mara nyingi tukio lilitangulia, na mstari ukatafutwa baadaye. Siiti hiyo hila. Ni jambo ambalo wafiwa hufanya: wanarudi nyuma kwenye maneno ya marehemu na kuona kwamba alikuwa anaaga.

Mwanateolojia Mwingereza N. T. Wright ana jibu zito, na ningekuwa mwongo nisipoliweka mezani. Anasema vuguvugu nyingine za kimasihi za Wayahudi zilikufa na kiongozi wake. Simoni Bar Kokhba aliongoza uasi wa mwaka 132 hadi 135, na Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa enzi zake, anasimuliwa kuwa alimtambua kuwa Masihi. Warumi walipomuua, hakuna aliyesema amefufuka. Watu walitafuta masihi mwingine au wakaacha kutafuta. Kwa nini wa Yesu peke yao hawakufanya hivyo? Lazima kuna kitu kilitokea.

Nakubali, kuna kitu kilitokea. Ila "wa Yesu peke yao" ndipo ninapokwama, kwa kuwa naishi Kenya. Jehovah Wanyonyi, aliyejiita Mungu na kuongoza wafuasi wake huko magharibi, alipotangazwa kuwa amefariki mwaka 2015, walikuwepo waliokataa katakata, wakisema yu hai, amesafiri tu. Baba Simeo Ondeto wa Legio Maria alifariki mwaka 1991. Kwa waumini wake yeye ni Masihi aliyekuja kwa Waafrika, na zaidi ya miaka thelathini baadaye kanisa lao bado lipo. Wanahiji Got Kwer huko Migori, wanasali kwa Kilatini ambacho Wakatoliki wenzangu walikiacha zamani, na Jumapili utapishana nao mitaani Nairobi na kanzu zao na rozari. Nje ya Afrika, Sabbatai Zevi alitangazwa Masihi na Wayahudi wengi, kisha mwaka 1666, mbele ya Sultani, akasilimu kuokoa shingo yake. Ungesema basi, kwisha. Baadhi ya wafuasi wake wakasema kusilimu kwake ni fumbo, ilibidi ashuke gizani kuokoa nuru iliyonaswa humo, na jamii yao ikadumu kwa karne nyingi. Tumaini likivunjika si lazima life. Mara nyingine linajifunga bandeji na kutembea.

Tunavyowatendea hawa wa kwetu ni jambo la kuangaliwa. Eliud Wekesa, maarufu Yesu wa Tongaren, tulimfanya kichekesho. Pasaka ya 2023 mitandao ilijaa utani kwamba ni wakati wa kumsulubisha tuone kama atafufuka siku ya tatu. Mwezi uliofuata akakamatwa, akafikishwa kortini Bungoma, na mwishowe akaachiliwa. Mimi pia nilicheka. Ni baadaye nilipojiuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tunacheka. Kwamba mwanakijiji, mwenye mke na watoto, kutoka mahali ambapo hapatoki mtu wa maana, anajiita mteule? Nathanaeli aliuliza swali hilo hilo kuhusu Nazareti.

Sasa, kitu gani kilitokea? Sina picha ya kaburi. Nina shangazi Kayole ambaye mume wake alifariki miaka sita iliyopita na bado humsikia akikohoa bafuni saa kumi na moja alfajiri. Hajachanganyikiwa, anauza vitenge na hesabu zake hazikosei shilingi. Daktari Dewi Rees aliwahoji wajane 293 huko Wales, akachapisha matokeo mwaka 1971: karibu nusu yao walihisi uwepo wa mwenzi wao baada ya kufiwa, wengine wakimwona au kumsikia, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Huku kwetu hawafichi. Marehemu John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliandika kuhusu wafu walio hai, jamaa waliokufa ambao bado wanaitwa kwa majina na kupewa nafasi nyumbani maadamu yupo anayewakumbuka. Aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za hoja kwamba kwa Waafrika wengi wafu huelekea Zamani polepole, wala hawangojei siku ya mwisho iliyo mbali mbele. Hoja hiyo imepingwa sana, na mimi naona aliivuta mno. Lakini aliona jambo moja vizuri alipochunguza Wakamba: wamishonari walihubiri ufufuo wa siku zijazo kwa watu ambao wafu wao hawakuwa wameondoka.

Na ukimsoma Paulo bila haraka, naye hayuko mbali na shangazi yangu kama tulivyofundishwa. Haelezi kaburi tupu. Anasema alizikwa, akafufuka, akamtokea Kefa, yaani Petro, na kuendelea mpaka "akanitokea na mimi", kwa kitenzi kile kile, ingawa Yesu alimtokea yeye baada ya kupaa, na Matendo inasimulia nuru na sauti, haisimulii mtu wa kushikwa mkono. Mwili wa ufufuo anauita mwili wa roho, na anakaza kwamba nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Miaka thelathini baadaye au zaidi, Luka anamwonyesha Yesu akisema roho haina mwili na mifupa, kisha anakula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao. Samaki yule hakuwepo kwa Paulo. Ameingia njiani, pengine kumjibu mtu aliyesema mliona mzuka. Yohana anaongeza kidole cha Tomaso. Kadiri miaka inavyokwenda mwili unazidi kuwa mzito.

Wapinzani wa Kanisa nao wasifurahi haraka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini nchini, na baadhi ya wanaopaza sauti mitandaoni wanadai Yesu hakuwahi kuishi. Gorogoro yao nayo imebonyea: Paulo alikaa siku kumi na tano na Kefa na kuonana na Yakobo, nduguye Bwana, na mtu wa kubuni hana ndugu wa kuonana naye. Rafiki zangu Waislamu wa Eastleigh hunikumbusha aya isemayo hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Nawaheshimu, na Masihi tunamwita kwa jina moja, lakini kwa mizani ya historia andiko lililokuja miaka mia sita baadaye haliwezi kulipiku lile la Tacitus, mpagani aliyewadharau Wakristo, aliyeandika karibu mwaka 116 kwamba Pontio Pilato alimuua huyo Kristo. Kusulubiwa ni jambo ninaloweza kulisema kwa kichwa kilichonyooka. Siku ya tatu ni jambo ambalo siwezi, na sioni namna mwanahistoria yeyote angeweza.

Mwezi uliopita tulimzika jirani Lang'ata. Udongo mwekundu, mvua, makaburi yamebanana hata huna pa kukanyaga. Kasisi alisoma 1 Wathesalonike 4, tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Barua hiyo ni ya karibu mwaka 50, andiko la Kikristo la kale kuliko yote tuliyo nayo kwa maoni ya wengi, na iliandikwa kwa sababu watu walikuwa wameanza kufa kabla Yesu hajarudi, jambo ambalo Wathesalonike hawakulitarajia. Paulo anawaambia "sisi tulio hai, tutakaosalia". Alijihesabu mwenyewe. Kasisi akausoma mstari huo kwa sauti ile ile, akafunga kitabu, vijana wakachukua sururu na koleo.

Mzee wa jumuiya alikuwa kando yangu, ameshika mwavuli wetu sote wawili. Mke wake amelala safu chache kutoka pale.

"Wewe husumbuliwa na malaika walikuwa wangapi," akaniambia.

"Aliyeuliza ni yule binti, mzee."

"Wewe ndiye uliyenyamaza kama unayejua jibu." Akanyamaza kidogo. "Jumatano ni zamu yangu. Tusome nini?"

Nikamwambia Marko 16, lakini tuishie mstari wa nane, kwa kuwa nakala mbili kuu za kale, Sinaitiko na Vatikano, zinaishia hapo: wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa.

"Hapo hapo? Bila kumwona?"

"Hapo hapo."

Akatazama upande wa safu zile, mvua ikigonga mwavuli. "Haya," akasema. "Mwambie yule mtoto ndiye atakayesoma."